Vyuo vikuu vikubwa vya Australia: kila kitu kipo, ila lazima ukiombe

Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayetafuta shahada Australia huanza na majina yale yale: Melbourne, Sydney, Monash, New South Wales. Vyote ni vyuo vikuu vya umma, na vyote ni vikubwa mno. Wanaovisifu wana ushahidi. Orodha ya ubora ya QS ya mwaka 2025 iliiweka Melbourne nafasi ya 13, Sydney ya 18 na Monash ya 37 duniani. Wanaovilaumu nao wana ushahidi wao. Utafiti wa serikali ya Australia wa maoni ya wanafunzi, ujulikanao kama QILT, umeonyesha kwa miaka mingi kwamba wanafunzi wa vyuo vidogo, kama Bond ambacho ni cha binafsi, huridhika zaidi. Hata kwa upande wa umma, Edith Cowan cha Perth kimekuwa kikivipita vyuo vikongwe vya utafiti. Matokeo haya hayagongani. QS hutegemea sana utafiti na sifa ya chuo mbele ya wasomi na waajiri. QILT humuuliza mwanafunzi amefundishwaje. Anayechagua chuo kwa orodha moja tu amesikiliza shahidi mmoja.

Chukua Monash. Kilianzishwa kwa sheria ya jimbo la Victoria mwaka 1958, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1961, na leo kina wanafunzi zaidi ya 80,000 ukijumlisha kampasi zake zote. Kampasi kuu ipo Clayton, kilomita 20 hivi kusini mashariki mwa katikati ya jiji la Melbourne. Unashuka treni Huntingdale, unapanda basi namba 601. Muhula una wiki 12 za masomo, kisha wiki moja ya kujisomea, kisha mitihani. Mzigo kamili ni masomo manne, na kila somo limekadiriwa saa 144 kwa muhula mzima, yaani saa 12 kwa wiki. Masomo manne ni saa 48 kwa wiki.

Hesabu hiyo ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu ratiba ya vipindi haiionyeshi. Darasani unaweza kuwa na saa tatu au nne tu kwa somo: mhadhara, ambao mara nyingi unarekodiwa na kuwekwa mtandaoni, na semina au maabara. Zinazobaki ni zako: kusoma makala, kufanya maswali, kuandika insha. Mgeni anaiona siku ya Jumatano haina kipindi hata kimoja, anaamini ana nafasi, anachukua zamu kazini. Viza ya mwanafunzi, daraja la 500, inaruhusu saa 48 za kazi kwa wiki mbili wakati masomo yanaendelea. Akizitumia zote ni saa 24 kwa wiki juu ya zile 48 za masomo. Hakuna mwili unaobeba saa 72 kwa wiki 12 mfululizo, na kinachoachwa kwanza huwa ni ile mihadhara iliyorekodiwa, kwa imani kwamba itatazamwa wikiendi. Wikiendi kuna zamu nyingine.

Hapo ndipo tofauti na vyuo vya nyumbani inapouma. Mwanafunzi wa Tanzania amezoea kwamba ukianguka somo kuna sapu, yaani mtihani wa marudio, na ukianguka sapu unakeri, yaani unalibeba somo hilo hadi mwaka unaofuata. Australia, chini ya alama 50 kwa kawaida maana yake ni kulirudia somo zima na kulilipia upya. Mtihani wa marudio hutolewa kwa hali chache. Tuseme ada yako ni dola za Australia 45,000 kwa mwaka wa masomo manane. Kila somo ni dola 5,625. Ukianguka moja umepoteza hiyo, na kama kulirudia kunakuvusha tarehe ya mwisho wa masomo iliyoandikwa kwenye hati yako ya usajili, unahitaji hati mpya na pengine viza mpya. Ombi la viza lilikuwa dola 710 hadi Juni 2024, likapanda hadi 1,600, na tangu Julai 2025 ni 2,000. Tena barua ya udahili hutaja ada ya mwaka wa kwanza, huku mstari wa chini ukieleza kwamba ada inaweza kupanda kila mwaka. Ikipanda asilimia 5 kwa mwaka, zile 45,000 zinakuwa zaidi ya 49,600 mwaka wa tatu. Mzazi aliyepiga hesabu ya 45,000 mara tatu atapungukiwa na takriban dola 6,900 kabla hata shilingi haijashuka thamani.

Wanaosema vyuo hivi ni viwanda vya shahada hugusa jambo jingine ambalo mwanafunzi halioni kirahisi. Semina nyingi hufundishwa na wakufunzi wa muda, wengi wao wakiwa bado wanasomea uzamivu. Wanalipwa kwa saa ya darasa, na kusahihisha kumekuwa kukilipwa kwa makadirio. Mwishoni mwa 2024 Chuo Kikuu cha Melbourne kilikubali kuwalipa wafanyakazi zaidi ya 25,000 malimbikizo yanayozidi dola milioni 72. Sehemu ya tatizo ilikuwa usahihishaji uliolipwa kwa vipimo kama idadi ya maneno, badala ya saa zilizotumika kweli. Ukirudishiwa insha ya maneno 2,000 ina mistari mitatu tu ya maoni, usidhani mkufunzi amekudharau. Muda aliopewa kwa insha yako ulikuwa mfupi kuliko insha yenyewe. Malalamiko ya wanafunzi hapa ni ya haki kabisa, na sioni utetezi wa chuo kinachopokea ada kubwa kiasi hicho.

Upande wa pili nao una uzito, na mara nyingi huelezwa vibaya, kwa picha za majengo. Ukubwa unanunua vitu ambavyo chuo kidogo hakiwezi kuvinunua. Jirani na kampasi ya Clayton ipo Sinkrotroni ya Australia, iliyoanza kazi 2007, mashine inayotoa mwanga mkali wa kuchunguza protini, madini na metali. Maabara za shirika la utafiti la taifa, CSIRO, nazo zipo hapo hapo. Kwa anayesoma uzamili au uzamivu wa sayansi, ujirani huo una thamani kubwa. Kwa wa shahada ya kwanza, faida ni uhuru wa kuchanganya na kubadilisha: anayeanza uhasibu na kugundua kwamba anaipenda takwimu anaweza kuhamia bila kuhama chuo. Ushauri nasaha ni wa bure. Maktaba ina wataalamu wa kukufundisha namna ya kutafuta makala na kunukuu vyanzo. Kwa masomo magumu ya mwaka wa kwanza huwepo vikundi vinavyoongozwa na wanafunzi waliofaulu somo hilo hilo. Mhadhiri naye ana saa maalumu za kuonana na wanafunzi kila wiki.

Hayo yote yapo, lakini hayakufuati. Saa za mhadhiri wiki ya nne mara nyingi hazina mtu. Wiki ya 12 kuna foleni. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki ana kikwazo cha ziada, heshima. Tumelelewa kwamba mwalimu hasumbuliwi, na ukimwandikia unaanza na salamu ndefu na vyeo vyote. Huko wahadhiri huitwa majina ya kwanza, na barua pepe nzuri ina mistari minne: jina lako na namba ya usajili, somo, swali moja, na ulichokwisha kujaribu. Anayenyamaza kwa adabu huhesabiwa kuwa hana shida.

Ugonjwa unaonyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Ukiugua kipindi cha mitihani, chuo kina utaratibu wa kukufikiria kipekee, lakini una mlango mwembamba. Sydney, ombi hufika ndani ya siku 3 za kazi, pamoja na hati ya daktari. New South Wales wana kanuni kwamba ukiingia chumba cha mtihani umetamka mwenyewe kuwa u mzima. Huwezi kugeuka baadaye ukadai ulikuwa na homa. Kwetu kujikaza na kufanya mtihani huku unatetemeka ni ushujaa unaosifiwa, na pale ushujaa huo unakufungia mlango. Kazi ya nyumbani ikichelewa bila ruhusa, adhabu ya kawaida ni asilimia 5 kwa siku. Siku nne zinatosha kuishusha alama ya 68 hadi 48.

Sheria ya saa za kazi nayo ina mtego wake. Wiki mbili huhesabiwa upya kila Jumatatu. Mtu aliyefanya saa 15 wiki ya kwanza, 30 ya pili, 30 ya tatu na 10 ya nne anaona yupo salama, kwa kuwa 15 na 30 ni 45, na 30 na 10 ni 40. Lakini wiki ya pili na ya tatu pamoja ni saa 60, na hapo amevunja sharti la viza. Mwajiri anayekuomba uongeze zamu hapotezi viza. Wewe ndiye unayeipoteza.

Kwa haki, chuo hakiwezi kumtupa mwanafunzi wa kigeni ghafla. Kabla ya kuripoti kwa serikali kwamba maendeleo yako hayaridhishi, lazima kikuarifu kwa maandishi na kukupa siku 20 za kazi za kukata rufaa. Vyama vya wanafunzi vina maofisa wa utetezi wanaosaidia kuandika rufaa bila malipo, na tangu 1 Februari 2025 yupo Msuluhishi wa Taifa wa Wanafunzi anayepokea malalamiko dhidi ya chuo chochote, bure. Wengi hudisko, yaani huondolewa chuoni, siku 20 zikiwa zimepita na barua haijafunguliwa, kwa sababu ilitumwa kwenye barua pepe ya chuo wakati wao wanatumia ya binafsi.

Kwa maoni yangu, mizani haikai sawa kwa kila mtu. Kwa uzamivu wenye ufadhili, au uzamili kwa mtu aliyewahi kufanya kazi na kujisimamia, chuo kikubwa kinastahili gharama yake. Kwa kijana wa miaka 18 mwenye bajeti inayotegemea kibarua kulipa kodi ya nyumba, ningependekeza chuo kidogo zaidi cha umma, au kampasi ya Monash iliyopo Malaysia tangu 1998, ambako shahada hutolewa na Monash ile ile kwa ada ya chini. Kama moyo umeshaamua Melbourne au Sydney, basi familia iwe na akiba ya somo moja la kurudia, na programu ya barua pepe ya chuo iwe kwenye simu tangu siku ya kwanza. Tarehe ya kuandika kwenye kalenda kabla ya zote ni ile wanayoiita siku ya sensa, 31 Machi kwa muhula wa kwanza Monash na 31 Agosti kwa wa pili. Ukiliacha somo kabla yake hulilipii, ila mwanafunzi wa kigeni apate kwanza ruhusa ya kupunguza mzigo. Ukiliacha kesho yake, zile dola 5,625 zimekwenda.