Msimwachie Nyimbo Zenu Aliyeondoka

Msimu wa korosho ukishaanza, minada ikifunguliwa Oktoba na fedha zikaingia mikononi mwa watu, Mtwara inapiga muziki usiku na mchana. Harusi zilizokuwa zikisubiri mauzo zinafuatana, na kila mtaa unakodi spika zake. Kama una wimbo unaokukumbusha mtu usiyetaka kumkumbuka, hapa huna pa kukimbilia. Utapanda nao kwenye bajaji ya kwenda Mikindani, utaukuta sokoni, na utausikia tena kwenye kitchen party ya mdogo wako. Ndiyo maana ushauri wa "futa nyimbo zake zote kwenye simu" siukubali. Simu utaisafisha, mji hutausafisha.

Maumivu yenyewe nayajua. Niliyekuwa naye alipenda rumba za bendi za zamani, Msondo na Sikinde, na jioni tukikaa ufukweni Shangani ndizo alizokuwa akizifungulia. Tulipoachana, gitaa la mwanzo tu likilia, tumbo lilinikaza. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nyimbo zile nilikuwa nazo kabla yake. Nimekua nikizisikia kwenye redio kaseti ya baba, mama akipika, sisi watoto tukiimba viitikio ambavyo hata maana yake hatukuijua. Msondo imeanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, imelea watu wazima wa nchi nzima. Kwa nini mwanamume mmoja, kwa muda mfupi tu aliokaa nami, aondoke na urithi wote huo?

Wimbo kushikamana na mtu si udhaifu wa moyo. Mwaka 2009 mtafiti Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichapisha utafiti ambapo watu walisikilizishwa nyimbo za utoto na ujana wao huku ubongo wao ukipigwa picha. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ilionekana kufuata muziki na kuamsha kumbukumbu za maisha kwa wakati mmoja. Na wanaochunguza hofu wameeleza jambo jingine ninaloliona kuwa la maana kuliko hilo: kilichofungwa na maumivu hakilegei kwa kukwepwa. Hulegea kinaporudi tena na tena bila baya lolote kufuata. Kumbukumbu ya kwanza haifutiki, ila juu yake inajengwa nyingine.

Wazee wetu wa huku hawakusubiri mashine ili kulifahamu hilo. Shangazi yangu wa Mikindani aliachika akiwa bado kijana, na kuna taarabu moja ambayo sisi wote tulijua ni ya ndoa ile. Siku ya kumtoa mwali, ikapigwa. Nikamsogelea kwa wasiwasi.

"Shangazi, nikawaambie wabadilishe?"

"Uache, mwanangu. Leo wimbo huu ni wa mwali. Nenda kamtunze."

Akaingia katikati akacheza, kanga kiunoni, wanawake wote wakimshangilia. Sasa taarabu ile nikiisikia, ninayemwona ni yule binti na noti zilizobandikwa kwenye paji lake. Sura ya yule bwana hainijii kabisa.

Hivyo naamini wimbo ulioharibika hauponi chumbani, mtu na spika zake za masikioni usiku wa manane. Unapona kwenye watu. Upigwe penye kelele, penye pilau, watoto wakikukanyaga miguu.

Simsemei aliyepigwa au kutishiwa. Kama wimbo ulikuwa ukichezwa huku mtu anakuumiza, una haki ya kuukataa maisha yako yote, na sisi waandaaji wa shughuli tukiombwa kuuruka tuuruke bila kuuliza maswali.

Wengine tuliobaki tuna kazi ya kufanya, na ianze mapema, mapenzi yakiwa bado matamu. Vijana wanapenda kuchagua wimbo mmoja wakauita wa kwao wawili. Mimi sasa sikubali. Mtu akinipenda, na aje ausikilize kwa baba, kwenye ile redio, pamoja na ndugu zangu wote. Akiondoka, ataacha nafasi moja tu kwenye mkeka.