Kiti cha meno chenye hita, Dar es Salaam

Juzi alikuja kijana wa mauzo, tai shingoni, katalogi mkononi. Anauza kiti cha meno, kile cha vyote ndani: taa, treya ya drili, kifyonza mate, sinki la kutemea, kila kitu kimeshikana na kiti. Dakika ishirini ananisifia. Kinakanda mgongo. Kina hita. Hita! Dar hii, Februari hii, mgonjwa ameshaloa jasho la hofu kabla sijavaa glavu, halafu nimpashe makalio moto.

Nikamuuliza: umeme ukirudi kwa kishindo, bodi ya umeme inayoendesha kiti ikaungua, nyingine naipata wapi?

"Dokta, hivi haviharibiki."

Nilishawahi kuwa nacho kisichoharibika. Umeme ulikatika nimemlaza mzee mmoja chali, jino la nyuma nimelipekecha nusu. Uliporudi, kiti kikalia mlio mmoja, kikafa. Hakipandi, hakishuki. Na kwa kuwa vyote vilipitia bodi ile ile, drili kimya, kifyonza kimya, taa giza. Kompresa, mashine ya hewa inayozungusha drili, huko nje inanguruma, hewa tele, haina pa kwenda. Nesi akamulika kwa simu, nikaziba kwa dawa ya muda, kisha tukamwinua mzee, huyu kwapa hili, yule lile. "Wajukuu zangu, taratibu," akasema, "sijafa bado."

Bodi ikaagizwa nje. Wiki sita! Aliyeniuzia hapokei simu. Wiki sita nang'oa meno kwenye kiti cha plastiki, kisogo cha mgonjwa ukutani. Kuziba ndiyo basi, drili ya hewa haizungushwi kwa dua.

Ndiyo maana sasa nataka kifuniko kifunguliwe kwanza, nione tumbo la kiti. Vali za drili zinafunguliwa kwa hewa ya kanyagio, au nazo zinasubiri ruhusa ya bodi? Zikiwa za hewa, bodi ikifa leo bado namalizia jino lililo mkononi. Ncha za mipira ya kuchomekea drili ni zile za kawaida za matundu 2 au 4, zinazopokea drili za kampuni nyingine, au nimefunga ndoa na muuzaji huyu milele? Fundi wake anaishi mji huu, au anapanda ndege? Wenzangu mnaofungua kliniki, mkopo wa benki hausimami kwa sababu kiti kimesimama. Na stabilaiza nunueni siku hiyo hiyo, msiseme mwezi ujao.

Maji: kiwe na chupa yake, na drili ikimaliza mgonjwa mmoja iachwe itoe maji sekunde 20 hadi 30, maana vimipira vile vyembamba huota utelezi ndani. Mkono wa kiti uwe unakunjuka pembeni, mjamzito asipande kama anaruka ukuta.

Haya, skrini nakubali, shingo upande. Mgonjwa akiliona tundu lake mwenyewe kwenye picha, habishani tena bei ya kuziba. Ila skrini hata ukutani inakaa.

Kijana nilimwomba kitu kimoja tu, bei ya bodi na jina la fundi. Akasema atanipigia jioni. Katalogi kaiacha, nesi anapepea nayo wagonjwa feni ikizima.