Mjomba si unapakua tu

Jamani huyu mpwa wangu wa Sinza ataniua kwa presha. Namuuliza joining, ile fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule, ya binti yangu aliyechaguliwa fomu five naipata wapi, ananijibu "mjomba si unaingia onlaini unapakua, dakika moja tu." Dakika moja! Huku kwetu Kilolo dakika moja hata simu haijamaliza kuwaka.

Ngoja niwaeleze onlaini ya huku inavyoingiwa. Kwanza nikaazime simu janja kwa mwalimu maana mimi nina kiswaswadu, bei ya ile janja ni gunia kadhaa za mahindi na mahindi yenyewe tunakula. Nikaipeleka senta kuchaji kwenye sola ya kinyozi, mia tano, alafu nikapanda lile jiwe la mtandao, kwa sababu mnara uko ng'ambo ya mlima na mtandao haujui kukata kona. Pale juu tunasimama kama kuku waliokimbia mafuriko, kila mtu kainua mkono, na siri hakuna, kijiji kizima tunajua nani anadaiwa vikoba na kiasi gani.

Nikapata E. Nyie wa 4G hamuijui E, ni mtandao unaotembea na mkongojo. Kiduara kikazunguka weeee nikasimamia mguu mmoja nisiharibu, kikafika asilimia 80, tii! "Ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha muda wake." Muda! MB zangu zimekufa mbichi kabisa.

Siku moja nilimuuliza fundi aliyekuja kujaza dizeli kwenye jenereta la mnara kwa nini huku mtandao ni wa shida, akaniambia mzee mjini mnara mmoja una wateja kibao wanaojiunga bando kila siku, huku kaya chache nusu yao viswaswadu na dizeli naipandisha mlimani kwa matope, hesabu haisomi. Sawa, kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote wa serikali unaotoa ruzuku kampuni zijenge huku kusikolipa, ila dizeli ikiisha unabaki mnara wa kutulia ndege.

Kinachoniuma zaidi ni mkongo, ule waya mkubwa unaoleta intaneti. 2009 redio ikatangaza mkongo wa baharini umefika Dar tukashangilia na sisi, sijui tulikuwa tunashangilia nini. Baadae ukaja Mkongo wa Taifa, nasikia unaenda mpaka mipakani, majirani Zambia na Malawi wanapata intaneti humo. Sisi unatupita kama basi la Tunduma la usiku, taa unaziona, halisimami.

Basi nikapanda Noah mpaka Iringa mjini, nauli na kurasa 14 za kuprinti, dogo wa steshenari kaipakua bila hata kuiangalia, macho yako kwenye mpira simu nyingine. Nikafungua ukurasa wa mwisho nione tarehe ya kuripoti. Chini yake wameandika: mzazi ujiunge na grupu la WhatsApp, taarifa zote zitatolewa humo.

Na simu ya mwalimu nilikuwa nishairudisha.