Namba ya McCabe inapima nini hasa?

Mwaka 1976 mtaalamu wa kompyuta Thomas McCabe alipendekeza uchangamano wa programu upimwe kwa idadi ya njia zinazojitegemea ambazo kompyuta inaweza kuzipita inapoitekeleza. Hesabu yake ni nyepesi: jumlisha masharti na vitanzi (sehemu zinazorudiwa) vyote vya fanksheni, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi fulani, kisha ongeza moja. Namba ikizidi 10, alishauri, heri fanksheni igawanywe. Hadi leo wapo wasimamizi wanaokataa msimbo (maandishi ya programu) uliovuka mpaka huo bila kuusoma, na wapo waandishi wa programu wanaoiona namba hiyo kuwa kero tupu.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Namba hiyo hutolewa na mashine, haitazami cheo cha aliyeandika, na humpa mjaribuji kitu cha kushika: fanksheni yenye 15 inahitaji majaribio yapatayo 15 ili kila njia inayojitegemea ipitiwe.

Hata hivyo, njia nyingi si lazima ziwe ngumu kueleweka. Fanksheni inayopokea namba ya mwezi na kutoa jina lake, ikiandikwa kwa masharti 12, hupata 13, ingawa mwanafunzi wa wiki ya kwanza ataielewa. (McCabe mwenyewe aliliona hili, akaruhusu orodha za namna hiyo zivuke mpaka.) Sasa tazama fanksheni inayogeuza saa ya kompyuta, ile ya 0 hadi 23, kuwa saa ya Kiswahili: ongeza 6, gawanya kwa 12, chukua baki. Ukiipa 13 inatoa 7, na kweli ni saa saba mchana. Haina sharti lolote, hivyo inapata 1, alama nzuri kuliko zote. Lakini ipe 18: 24 kugawanya kwa 12 hakubakizi kitu, na mtumiaji anaambiwa ni saa sifuri jioni. Kuirekebisha kunadai sharti la kugeuza 0 kuwa 12, na alama inapanda hadi 2. Toleo lenye kosa ndilo lililosifiwa.

Ni haki kusema kwamba McCabe hakuahidi kupima usahihi. Shida ni kwamba namba yake haitenganishi mambo mawili ambayo mwanasayansi wa kompyuta Fred Brooks aliyatofautisha mwaka 1986: ugumu uliomo ndani ya jambo lenyewe na ule tunaouleta sisi. Sharti la saa kumi na mbili limetokana na namna tunavyohesabu saa, wala si uzembe wa mwandishi.

Kwa hiyo ningeitumia namba hiyo kuchagua pa kusoma kwanza, si kukataa kazi ya mtu. Inapogeuzwa kuwa sheria, watu huikwepa kirahisi: fanksheni yenye 24 ina maamuzi 23 (masharti na vitanzi), na ikikatwa vipande vitatu vyenye 8, 9 na 9, vyote vinapita ukaguzi, ilhali jumla imepanda hadi 26, kwa kuwa kila kipande huongezewa moja yake, na msomaji ana sehemu tatu za kurukia badala ya moja.