Injini Iliyozaa Oili

Nimewahi kuona injini zinazokula oili, nimeona zinazovuja oili, na nimeona zinazofanya yote mawili kwa bidii ileile, lakini asubuhi ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukutana na injini iliyoongeza oili usiku, peke yake, bila kumgharimu mwenyewe hata tone. Nilichomoa kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena, na oili ikawa imepanda vidole viwili juu ya alama ya mwisho. Mtu mwenye busara angeshtuka. Mimi nilishukuru, nikaamua kwamba jana yake nilipima vibaya.

Yaliyotokea hiyo jana ningependa kuyaruka, ila bila hayo kisa hakieleweki. Injini ya boti yangu ni ya dizeli, nayo huzimwa kwa kuvuta kishikio chenye waya kinachokata mafuta. Ukimaliza unatakiwa kukisukuma kirudi mahali pake, la sivyo injini haitawaka hata uipigie magoti. Sikukisukuma. Nilipiga stata kwa nusu dakika, nikapumzika, nikapiga tena, nikabadilisha betri, nikapiga tena, na katika jaribio ambalo sikumbuki ni la kumi na ngapi stata ikagoma kwa mlio mmoja mfupi, "tak!", kana kwamba kuna mtu ameishika injini kwa ndani. Nikahukumu kwamba betri ya pili nayo imekufa, nikaenda kulala.

Asubuhi, baada ya kuifurahia ile oili ya bure, ndipo nilipokiona kishikio kikiwa kimechomoza. Nikakisukuma kimyakimya, kama mtu anayegundua katikati ya hotuba yake kwamba hakufunga zipu, na injini ikawaka. Ilifuka moshi mweupe mwingi. Baada ya dakika kumi niliizima na kupima tena, na safari hii kijiti kilitoka kimepakwa kitu chenye rangi ya chai ya maziwa.

Mwenye boti yeyote anaijua rangi hiyo, na haimpi usingizi. Maji na oili vikitulia hutengana: maji, kwa kuwa ni mazito zaidi, hukaa chini, ndiyo maana kijiti changu cha kwanza kilionyesha oili nyeusi ya kawaida, ila imeinuliwa na maji yaliyojificha chini yake. Injini ikizunguka huvikoroga hadi maji yanavunjika kuwa matone madogo mno yanayoelea ndani ya oili, na uji huo hauwezi kuzilinda beringi inavyopasa. Nilijaribu kujifariji kwamba huenda ni unyevu tu, kwa maana injini zinazowashwa dakika chache bila kupata joto hujenga utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili. Lakini unyevu haupandishi oili vidole viwili.

Basi nikafungua daftari, nikaandika juu ya ukurasa WASHUKIWA, na chini yake: gasketi ya hedi (kile kibati kinachoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake), kipozea oili, sili ya pampu ya maji ya bahari (mpira unaoyazuia maji yasipite). Gasketi niliipigia mstari mara mbili, kwa sababu ndiyo niliyokwisha kuwatangazia watu.

Kwanza nilitaka kuthibitisha kwamba ni maji kweli. Jaribio lake ni jepesi: unapasha bati moto hadi lipite nyuzi 100 kwa mbali, unadondosha tone la oili, na ikiwa lina maji litatatarika na kuruka. Nalisisitiza neno "tone", kwa kuwa mimi, nikitaka jibu lisilo na shaka, nilimimina kijiko kizima kwenye kikaango cha nyumbani. Shaka haikubaki. Jibu lilikuwa darini, lilikuwa kwenye pazia, lilikuwa kwenye miwani yangu na kwenye shati nililokuwa nimelinyoosha kwa ajili ya kikao. Kikaango kilihamia kwenye boti siku hiyohiyo, kwa amri ambayo sikupewa nafasi ya kuijadili.

Lililofuata lilikuwa kujua ni maji gani, kwa sababu injini ya namna hii ina maji ya aina mbili: matamu, yanayozunguka ndani yake, na ya bahari, yanayoyapoza hayo matamu. Niliivuta oili yote kwa pampu ya mkono kupitia tundu la kijiti, maana chini ya injini hakuna nafasi hata ya kupitisha kiganja, na injini inayochukua lita 4 ikanipa lita 5 na nusu. Nikajaza chupa moja ya kioo na kuiacha itulie. Siku ya pili yalikuwa yamejikusanya chini ya chupa maji machafu kama kidole kimoja, nikayachemsha kidogo kijikoni mwa boti, nikiwa nimenyoosha mkono na kugeuza uso, hadi yakakauka na kuacha ukoko mweupe wa chumvi.

Hapo mtu mwenye akili angeifuta gasketi, ambayo ikifa huingiza maji matamu na si ya bahari, tena tangi la maji matamu lilikuwa limejaa pomoni na halikupungua hata kikombe. Sikuifuta. Nilimwita fundi ili aje aniunge mkono.

Alikuja mzee mpole, akalisoma daftari langu kwa sauti, polepole, jambo ambalo lilinipa fahari wakati ule na linanipa aibu sasa. Kisha akakunja mikono ya shati. Katikati ya sili mbili za pampu kuna kitundu ambacho maji yangechuruzika kama mojawapo imekufa, kilikuwa kikavu. Kipozea oili alikifungua, akakiziba upande mmoja, akakitia upepo na kukizamisha ndani ya ndoo, na halikutoka povu hata moja. Gasketi hakuigusa.

"Mwanangu," akasema, "hii injini mara ya mwisho ilipokataa kuwaka, ulipiga stata mara ngapi?"

Nikamjibu kwamba ni mara chache.

"Na koki ya maji ya bahari ilikuwa wazi?"

"Wazi, mzee, kama inavyotakiwa."

Akafumba macho kidogo. Pampu ile, akanieleza, huzungushwa na injini, kwa hiyo kila nilipopiga stata ilivuta maji na kuyamwaga kwenye ekzosi, ambako kwa kawaida moshi huyasukuma yakatoka nje. Injini isipowaka hakuna moshi. Maji hujaa kwenye sailensa, yakapanda, yakarudi ndani ya silinda kupitia valvu iliyo wazi. Maji hayabanwi kama hewa, na ile "tak!" ilikuwa pistoni ikigonga maji. Usiku yalipenya taratibu kwenye ringi zinazoizunguka pistoni yakashukia kwenye oili. Konrodi, ule mkono wa chuma unaoisukuma pistoni, kutopinda ilikuwa bahati tupu, na siku mbili nilizokaa nikiitazama chupa, chumvi ilikuwa inakula chuma.

Tukatia oili mpya, tukaipasha injini, tukaimwaga. Ilitoka ya kijivu. Ya pili ilitoka na weupe hafifu. Wakati tukingoja ya tatu, fundi alilichukua daftari, akawakata washukiwa wangu wote watatu kwa mstari mmoja, na chini yao akaandika jina langu kamili.

Ya tatu ilipotoka safi nilimwomba alifute. Akasema kalamu yake ni ya kuandikia kwenye chuma, haitoki hata kwa dizeli.