Bahari inasingiziwa

Genge la mwamba ufukweni likiporomoka, lawama huliangukia wimbi. "Bahari inakula nchi," watu husema, na picha ya nyumba inayoning'inia ukingoni inazunguka kwenye simu. Si kwamba bahari haina mkono. Inao, tena mrefu. Lakini mara nyingi inafika kazi ikiwa imeshaanzwa na wengine.

Chukua ufa mmoja kwenye jabali, mwembamba kama ukucha. Rasharasha ya maji ya chumvi inaingia, jua linaikausha, chumvi inabaki. Kesho tena. Punje za chumvi zinakua na kuubana mwamba kwa ndani mpaka chembe zake zinaachiana; ukipitisha kidole, kinatoka na unga. Huko juu, mvua inaunywesha udongo mpaka unalemewa na uzito wake. Wimbi halijagusa kitu bado.

Likija, nalo halipigi kwa maji peke yake. Linasukuma hewa ndani ya ule ufa, hewa inakosa pa kutokea, inabanwa, kisha maji yakirudi nyuma inafumka. Pigo hilo hurudiwa mara kadhaa kwa dakika, miaka nenda miaka rudi. Ufa unakuwa pango. Mapango ya pande mbili za rasi yakikutana, panatokea tao; tao likikatika, inabaki nguzo imesimama majini. Malta walikuwa na tao maarufu, Azure Window, lililoanguka kwenye dhoruba tarehe 8 Machi 2017, likaondoka hata na nguzo yake. Watu waliomboleza kama wamefiwa. Hata mimi liliniuma, ingawa kilicholiangusha ndicho kilichokuwa kimelichonga.

Kinachonikera hasa ni tunavyouchezea mchanga na kokoto. Ufuo si jamvi lililotandikwa likatulia, uko safarini. Wimbi linakuja mshazari na kupandisha kokoto, maji yanateremka moja kwa moja, na kokoto imeshasogea hatua. Ufuo mpana ndio unaolichosha wimbi kabla halijafika kwenye genge. Ukijenga ukuta kuuzuia mchanga huku, umemnyima jirani wa kule.

Hallsands kilikuwa kijiji cha wavuvi kusini-magharibi mwa Uingereza. Kuanzia 1897 kokoto za mbele yake zilichimbwa kwa wingi ili kupanua gati za jeshi la majini huko Plymouth, kwa imani kwamba bahari ingeleta nyingine. Haikuleta. Ufuo ukashuka, wavuvi wakapiga kelele, na uchimbaji ukasimamishwa 1902. Januari 1917 dhoruba ilikuja maji yakiwa yamejaa sana, na karibu nyumba zote zikabomoka. Iliyobaki ya kukalika ilikuwa moja tu.

Wanakijiji walisalimika wote. Kokoto zao zilikuwa Plymouth, ndani ya gati.