Fomu inayomfungia mtu nje

Ukiwauliza watengenezaji wa tovuti kwa nini fomu zao haziwezi kujazwa na mtu asiyeona, wengi watakujibu kwa hoja mbili: gharama na usalama. Wanaosema hivyo wana tarehe ya kukabidhi kazi na wanasumbuliwa na roboti, yaani programu zinazojiendesha, zinazojaza takataka usiku kucha, kwa hiyo hoja zao zinastahili kupimwa. Kwa maoni yangu ya kwanza ni nyepesi, ya pili ni nzito.

HTML, lugha inayojenga kurasa za wavuti, ina lebo, visanduku na vitufe ambavyo kila kivinjari kinavielewa. Lebo ikiunganishwa na kisanduku chake, kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini, hutamka "Namba ya simu" mtumiaji anapofika hapo. Mwenye mkono unaotetemeka naye hunufaika, maana akibofya maneno hayo tu, kisanduku kiko tayari kuandikwa. Kazi yenyewe ni mstari mmoja wa msimbo. Matatizo huanza mbunifu anapoiondoa lebo ili ukurasa upendeze, akaacha maandishi ya kijivu ndani ya kisanduku. Ukianza kuandika yanatoweka, na aliyesahau alichoulizwa hana pa kutazama. Vivyo hivyo kitufe alichojitungia mbunifu badala ya kile cha HTML, kinachoitikia kipanya peke yake: anayetumia kibodi hukipita bila kujua kipo. Gharama inayolalamikiwa, mara nyingi, ni ya kurudisha kilichoondolewa. Nakubali hata hivyo kwamba mfumo wa miaka mingi wenye mamia ya kurasa ni mzigo kuurekebisha, na timu ndogo ina haki ya kuanza na fomu zinazotumika zaidi.

Usalama ni habari nyingine. CAPTCHA, lile fumbo la picha au herufi zilizopindwa, liliwekwa kuzuia mashine, lakini asiyeona hawezi kuzichagua picha hizo. Mbadala wa sauti humsaidia, ila humwacha nje mtu ambaye ni kiziwi na pia haoni. W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti, lilichapisha onyo kuhusu jambo hili mwaka 2005. Hata hivyo WCAG 2.2, mwongozo wake wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, uliotoka Oktoba 2023, unakataza kumlazimisha mtu kutatua fumbo ili aingie kwenye akaunti, kisha katika ngazi ya AA, ambayo ndiyo inayolengwa na wengi, unaruhusu fumbo la kutambua vitu kwenye picha. Hapo naona waandishi wake waliwasikiliza watu wa usalama kuliko wasioona, ingawa naelewa kilichowasukuma: anayeuza tiketi au kulinda akaunti za fedha anapambana na watu waliojipanga.

Lakini fomu ya kawaida ya maoni haina adui wa namna hiyo. Inaweza kutega kisanduku kilichofichwa, ambacho roboti hukijaza na binadamu hakioni. Mtego huo nao una hatari yake. Ukifichwa kwa macho tu, kisoma skrini kitausoma, asiyeona ataujaza kwa uaminifu, na fomu yake itatupwa kana kwamba yeye ni mashine. Lazima ufichwe kwa wote.

Kuna pia desturi zinazoitwa usalama bila kustahili jina hilo. Kuzuia watu kubandika nenosiri ni mojawapo. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishauri mwaka 2017 kwamba kubandika kuruhusiwe, kwa sababu kunarahisisha kutumia programu za kuhifadhi nenosiri. Zuio hilo humwumiza hasa mwenye shida ya kusoma au ya vidole, anayetakiwa kunakili herufi ishirini moja baada ya nyingine.

Wengine hutegemea vipimo vya kiotomatiki, na kwa kweli vinaokoa muda. Vinaweza kukuambia kwamba lebo haipo, au kwamba maandishi hayajafikia uwiano wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 dhidi ya mandharinyuma. Haviwezi kukuambia kwamba ujumbe wa "Taarifa si sahihi" haumsaidii mtu yeyote, wakati "Tarehe iandikwe hivi: 05/11/1990" ungemwezesha kumaliza. Hilo linagunduliwa na mtu aliyekaa na fomu, akaweka kipanya kando, akajaribu kuituma kwa kibodi huku kisoma skrini kikimsomea.